Keki Iliyoanguka Kamakis

Saa tano na nusu usiku wa Ijumaa, stima ilipotea nyumbani kwetu Membley, Ruiru. Ngazi ya mwisho ya keki ya harusi ilikuwa imekaa ndani ya oveni dakika kumi na mbili tu. Ilikuwa mwisho wa Mei, mwaka 2025. Madirisha ya majirani yote yalikuwa na mwanga. Sisi tulikuwa tumeishiwa na tokeni, kwa sababu pesa za tokeni nilikuwa nimenunulia siagi.

Baba watoto aliamka bila neno, akawasha tochi ya simu na kwenda kutafuta nambari ya mita kwenye mlango wa friji, mahali tulipoibandika tangu tuhamie hapa. Hakuiona. Juu yake binti yetu alikuwa amebandika karatasi ya kuchagulia shule za sekondari pevu. Shule zilitakiwa 12, na kila mstari ulikuwa umeandikwa ukafutwa, ukaandikwa tena ukafutwa, kwa sababu mimi na yeye hatukuwa tumepatana hata juu ya mkondo wa kusomea.

Mambo mawili yalikuwa yakiisumbua nyumba yetu mwaka ule: kazi yangu na masomo ya binti yetu. Usiku huo yote mawili yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango mmoja wa friji, na siku mbili baadaye yalipata jibu moja.

Nilikuwa nimeacha kazi Januari. Nilikuwa mhasibu wa kampuni moja jijini kwa miaka 16. CPA niliisoma jioni baada ya kazi, nikafanya mitihani ya KASNEB karatasi baada ya karatasi, nyingine nikiwa na mimba ya huyu binti. Kila alfajiri nilipanda matatu kabla jua halijachomoza. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, sisi wa Ruiru tuliona mji umesogea mlangoni. Wengi waliona hivyo hivyo. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, nyumba zikapanda juu, na msongamano wa magari ukarudi.

Msongamano niliuzoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kazi niliyopewa mwaka wa mwisho: kuyapanga malipo ya watu wadogo waliotuuzia bidhaa, yacheleweshwe hadi siku 90 ili kampuni izungushe pesa zao. Watu hao niliwajua kwa sauti, maana walipiga simu kwangu. Siku moja nilimwambia mzee aliyetuletea maziwa ya chai kwamba hundi yake iko njiani, huku nikiitazama juu ya meza yangu ikiwa haijatiwa sahihi. Jioni hiyo chakula hakikunipita kooni.

Watu wa kwetu walikuwa wakizisifu keki zangu za siku za kuzaliwa. Basi nikasema moyo wangu uko kwenye keki. Nikachukua akiba, nikanunua oveni kubwa, mashine ya kukoroga na mabeseni, nikawaambia watoto kwamba mama amepata kazi anayoipenda.

Kufikia Machi, sebule ilikuwa ghala. Magunia ya unga yalikaa mahali pa kochi la wageni. Sisimizi walifuata sukari hadi kwenye mabegi ya shule. Kitinda mimba wetu alifanyia kazi ya ziada juu ya maboksi, na mara mbili daftari lake lilirudi shuleni likiwa na mafuta. Maji yalikuja kwa zamu, kwa hiyo nililala na sikio moja kwenye tangi. Yakianza kutiririka saa nane usiku naamka kuosha vyombo. Baba watoto alilipa karo, akalipa mkopo wa nyumba, akanunua unga nilipopungukiwa, wala hakunung'unika. Ukimya wake ulinilemea kuliko maneno.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba furaha niliyoitarajia haikuja. Keki ya mtoto wa dada yangu ningeipamba hadi usiku wa manane nikiimba. Keki ya kumi na tisa ya mwezi, kwa mtu nisiyemjua, niliimaliza na kukaa jikoni kimya. Kufikia Aprili harufu ya vanila ilikuwa ikinitia kichefuchefu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, baada ya kuiweka nyumba nzima juu ya neno langu?

Usiku ule wa Mei tulipata tokeni baada ya dakika arobaini, lakini keki ilikuwa imedidimia katikati. Nikachanganya nyingine. Shosho, mama yake baba watoto, ambaye alikuwa amekuja kutoka Gatundu kutuona, alikaa nami jikoni akipepeta unga hadi karibu na alfajiri. Saa tatu asubuhi keki ilikuwa ndani ya gari, ngazi nne, nyeupe, na maua ya sukari niliyoyafinyanga kwa siku tatu. Binti yetu alikaa nyuma akiishikilia kwa mikono yote miwili.

Tulipofika Kamakis, pale Eastern Bypass inapofurika watu wa nyama choma kila wikendi, bodaboda ilikatiza mbele yetu karibu na tuta. Baba watoto alikanyaga breki. Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo, kama mto wa kulalia ukianguka sakafuni. Ngazi mbili za juu zilikuwa zimelala kwenye magoti ya binti yangu.

Mikono yangu ilikufa ganzi. Simu ililia, alikuwa mama ya bibi harusi. Nilishindwa kuipokea. Binti yetu, miaka kumi na minne, krimu imemjaa hadi viwikoni, aliichukua.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nina habari mbaya, na nitakwambia yote ili uamue. Keki imeanguka. Ngazi mbili ni nzima. Tutakuletea hizo mbili ndani ya nusu saa, zikiwa safi, na nusu ya pesa zako zitarudi leo hii. Pole sana. Najua ni siku yenu kubwa."

Kisha akanyamaza na kusikiliza. Mama yule alilalamika kwa muda, na binti hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mtoto alimuuliza kama ukumbini kuna meza ndogo ya duara, kwa sababu keki ya ngazi mbili hupendeza juu ya meza ndogo. Mazungumzo yakaisha kwa mama yule kutuombea tufike salama. Keki ilikuwa ya shilingi 28,000. Nilirudisha 14,000, harusi ikaendelea.

Jioni Mama Mayai akaja. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ana kibanda karibu na Kamakis, na nilikuwa na deni lake la kreti 17. Nilimkaribisha nikimweleza yaliyotokea, na kwamba sikuwa na pesa zote. Hakugomba. Alitoa kwenye kikapu daftari la shule lililokunjika, akasema, "Mama, wewe ulikuwa mtu wa hesabu. Nitazamie hili. Nauza kila siku na sioni pesa inakokwenda. Sasa naambiwa kuna kodi."

Nililifungua saa mbili usiku. Alinunua kreti ya mayai 30 kwa shilingi 360, akaiuza kwa 380, na aliamini kwamba faida yake ni shilingi 20. Lakini karibu kila kreti ilikuwa na yai moja lililovunjika njiani, na yai moja ni shilingi 12. Aliuza kreti kumi kwa siku, na hapo mauzo yake ya mwaka yalipita shilingi milioni moja. Tangu Julai mwaka 2023, mfanyabiashara mdogo wa kiwango hicho hutozwa asilimia 3 ya mauzo, na si ya faida, na hulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia 3 ya shilingi 380 ni shilingi 11 na senti 40. Toa kumi na mbili, toa kumi na moja na senti arobaini kutoka kwenye ishirini: kodi hiyo ikihesabiwa, mama huyu alikuwa akiongeza shilingi tatu na senti arobaini za mfukoni mwake kwa kila kreti aliyouza. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kupata hasara. Na hoteli tatu zilikuwa na deni lake la miezi minne, deni lile lile la watu wa "hundi iko njiani".

Nilipoinua macho ilikuwa saa nane usiku. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye tangi na sikuwa nimeyasikia. Mgongo uliniuma, macho yaliwasha, na nilitamani kuche ili nimfikishie Mama Mayai habari hizi. Hapo ndipo nilipojielewa. Keki ilinichosha nikaogopa kesho. Hesabu zilinichosha nikaitamani kesho.

Asubuhi ya Jumapili nilimsimulia shosho. Alikoroga chai yake kwa muda, kisha akanikumbusha mambo ya kahawa. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa hapa hapa Ruiru walitoa aina mpya, Ruiru 11, baada ya kuishughulikia zaidi ya miaka kumi, ili iweze kustahimili magonjwa ya chole buni na kutu ya majani. Wakulima wengi waliitaka. Lakini shamba lake la Gatundu lilikuwa limejaa SL28 za zamani, na kung'oa mibuni yote ni kukaa bila mavuno.

"Baba yenu hakung'oa," aliniambia. "Alikata shina, akabebesha Ruiru 11 juu ya kisiki cha zamani. Mizizi ile ilikuwa inajua maji yaliko. Wewe mwanangu uling'oa."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Nilikuwa nimechoka na mambo ambayo hesabu zangu zilitumiwa kuyafanya, nikadhani nimechoka na hesabu. Ujuzi wa miaka 16 ulikuwa mzizi mzima. Kilichougua ni tawi. Nilichohitaji ni kazi ile ile ikiwatumikia wale niliokuwa nikiwacheleweshea haki yao.

Jumapili hiyo hiyo niliibandua karatasi kwenye friji, nikamwita binti yetu. Yeye ni wa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi kuingia Gredi ya 10, yenye mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa na michezo. Mimi na baba yake ni watoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka ule ule wa 1985, na ulitulea tukiamini kwamba mtoto mwenye alama nzuri anajua njia yake: udaktari, uhandisi, sheria. Nilikuwa nimemshikilia achukue mkondo wa sayansi. Yeye alitaka sayansi za jamii, asome lugha na fasihi. Nilikuwa nimemwambia lugha haziliwi.

Safari hii sikumuuliza anapenda nini. Nilimuuliza, "Ni kazi gani ukiifanya hadi uchoke, bado unataka kuifanya kesho?"

Alifikiri. "Kuwasikiliza watu, Mama, halafu kutafuta neno la kuwaambia. Jana niliogopa sana kwenye simu. Lakini ningeweza kupiga tena."

Niliikumbuka meza ndogo ya duara. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kumpa mtu mwenye hasira kitu kidogo kizuri cha kushughulikia. Tulijaza shule zote 12 jioni ile, mkondo wa sayansi za jamii, baba yake akisoma majina kwa sauti. Hatukumdanganya kwamba kupenda kunatosha. Mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9 ulikuwa na uzito wa asilimia 60 ya matokeo yake, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za shuleni asilimia 20 zilizobaki. Alisoma hisabati kwa bidii ile ile. Januari mwaka 2026 alivaa sare ya Gredi ya 10.

Mimi niliuza mashine ya kukoroga na mabeseni, nikalipa madeni. Oveni ilibaki kwa siku za kuzaliwa. Sasa meza ya jikoni ina madaftari ya wafanyabiashara 14 wa Ruiru na Kamakis: muuza viatu, fundi wa magari, mama wa mboga, kinyozi. Mapato yangu bado hayajafika mshahara wa zamani, na mwezi mwingine baba watoto huongezea. Lakini kochi la wageni limerudi sebuleni, na chakula cha jioni nakila nikashiba.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Siku utakapoamka umeichukia kazi yako, usikimbilie kuandika barua ya kuacha. Kaa na daftari uandike nini hasa kinachokuchosha: ni kazi yenyewe, ni mtu unayemfanyia, au ni jambo inalotumiwa kufanya? Kila ugonjwa una dawa yake, na si kila ugonjwa dawa yake ni kung'oa. Kisha waulize watu wa nyumbani kwako, maana wao ndio watakaokaa juu ya magunia.

Mama Mayai sasa anauza kreti kwa shilingi 400. Akitoa yai lililovunjika na kodi, anabaki na shilingi 16 kwa kila kreti, na anajua kwamba anabaki nazo.