Mhadhara wa Hadhara Juu ya Adabu za Kutazama Kesi

Waheshimiwa wazee wa baraza, mama zangu, na vijana mliokaa juu ya ukuta ingawa nilishakataza: itifaki imezingatiwa. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa Utazamaji wa Kesi za Jinai za Kivita katika pwani yote hii, kutoka mlango wa Ruvuma hadi Mocímboa da Praia. Kama yupo mwingine, na ajitokeze. Hayupo, mmeona wenyewe. Shahada yangu nimejitunuku baada ya kujisahihisha kwa ukali. Wale waliosahihishwa na watu wengine huko Maputo nawahurumia, maana hawatajua kamwe kama walifaulu au walionewa huruma. Mtaniita doutor.

Nimeitisha mhadhara huu kwa sababu ya aibu mliyonitia kwenye banda la video hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nilileta flashi yenye vipindi vyote vitano vya The Devil Next Door, dokumentari iliyotoka Netflix mwaka 2019. Mafuta ya jenereta nikanunua mimi. Nikasimama kando ya televisheni kuwatafsiria, kama wanavyofanya wale mabingwa wa Dar es Salaam wanaoingiza sauti zao kwenye filamu za Kichina, ila mimi kwa Kiswahili cha heshima. Kipindi cha kwanza hakijachanganya, sauti ikatoka nyuma: "Stelingi ni nani?"

Stelingi! Kesi ya jinai za kivita haina stelingi, ndugu zangu. Ina mzee mwenye kipara na miwani, John Demjanjuk, fundi wa kiwanda cha Ford kule Cleveland, Marekani, mtu wa familia na kanisa. Mwaka 1986 alipelekwa Israel, akidaiwa kuwa ndiye mlinzi wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Treblinka ambaye wafungwa walimwita Ivan wa Kutisha. Manusura wakaja mahakamani wakamkazia macho na kusema ni huyu huyu. Kesi ilirushwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni, nchi nzima ikasikiliza. Mwaka 1988 akahukumiwa kifo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikamwachia, kwa kuwa mafaili yaliyofunguliwa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika yalimtaja Ivan mwingine, Ivan Marchenko. Mwaka 2011 mahakama ya Munich ikamtia hatiani kwa mambo ya kambi nyingine, Sobibor. Akafariki 2012 rufaa yake haijasikilizwa.

Mtazamaji aliyeelimika anaitikiaje mambo kama haya? Anakunja nne, anashika kidevu, anasema: "Hm." Basi. Hiyo "hm" ndiyo msingi wa taaluma yangu nzima. Mengine yote ni mapambo. Ninyi je? Nusu ya banda mliapa kuwa ndiye, nusu mkaapa kuwa siye, muuza samaki akaanza kukusanya dau. Na mzee mmoja, simtaji, akasema kwa sauti kwamba mtu aliyemwua ndugu yako humtambui kwa uso, sura huzeeka. Utamtambua kwa mwendo, mpeni huyo nafasi atembee. Nikamwambia kanuni za ushahidi hazina kipengele cha kutembea. Akaniuliza nimejuaje. Nikaendelea na kipindi cha tatu.

Nakiri kwa niaba yenu kwamba hamko peke yenu. Waziri Mkuu wa Poland wa wakati huo, Mateusz Morawiecki, aliona ramani katika dokumentari hiyo hiyo ikizionyesha kambi za Wanazi ndani ya mipaka ya Poland ya leo, kana kwamba Wapolandi ndio waliozijenga. Akawaandikia Netflix barua, nao wakakubali kuongeza maandishi ya ufafanuzi. Lakini yule ni Waziri Mkuu. Waziri Mkuu akikasirikia televisheni huitwa diplomasia. Mtu wa Palma akikasirikia televisheni huitwa mharibifu, na kitufe cha sauti mpaka leo hakijapatikana.

Wakenya sitaki hata kuwazungumzia. Kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilipoanza The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Septemba 2013, walikaa mbele ya televisheni kama wako uwanjani, majina ya majaji na mawakili wanayataja kama ya washambuliaji wa Gor Mahia. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yakaondolewa Desemba 2014, kesi ya Ruto na Sang ikavunjwa Aprili 2016, hakuna aliyetiwa hatiani wala aliyetangazwa kuwa safi. Zaidi ya watu elfu moja waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, hao filamu yao iliisha kabla haijaanza. Tusonge mbele.

Mkalalamika kwamba Treblinka ni mbali. Haya, nikawaletea ya jirani: Theatre of Violence, ya mwaka 2023, inayomfuata wakili Krispus Ayena akimtetea Dominic Ongwen wa Uganda. Kijana huyu alitekwa na waasi wa Joseph Kony akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Wakamfunza, akakua humo humo, akawa kamanda wao. Kesi yake ilipofunguliwa The Hague tarehe 6 Desemba 2016, mahakama ilipeleka skrini vijijini kaskazini mwa Uganda, hata Lukodi, walikouawa watu mwaka 2004, ili wenyewe waone. Februari 2021 akatiwa hatiani kwa makosa 61, na Mei akapewa miaka 25. Majaji walisema kutekwa kwake hakumwondolei hatia, ila wakakuhesabu walipompunguzia adhabu. Wenzetu wa kule nao wakagawanyika: wako waliotaka afungwe maisha, wako waliosema huyu ni mtoto wetu aliyeibwa, ashtakiwe kwanza aliyeshindwa kumlinda.

Hapo ndipo kipindi changu kilipoharibika. Hakuna aliyeuliza stelingi. Hakuna aliyeweka dau, muuza samaki alikuwa amekaa tu na beseni lake magotini. Nikafurahi, nikadhani "hm" imewaingia. Kumbe mama mmoja aliyekimbia kutoka Mocímboa, ambaye mwanawe walimchukua waasi tunaowaita mashababi mwaka 2020, alikuwa amesimama. Hakuwa analia, ningeliweza kumtoa nje kwa kanuni ya kelele. Aliniuliza: "Doutor, huyu wangu akirudi, atakaa kiti kipi? Cha mshtakiwa au cha shahidi?"

Nikamjibu kitaalamu kwamba mpangilio wa viti ni kazi ya msajili wa mahakama. Jibu sahihi kabisa. Akabaki amesimama. Akasema: "Alipochukuliwa alikuwa hajui hata kuvua kwa wavu, sasa sijui wamemfundisha nini." Nikaona afadhali nizime jenereta, nikasingizia mafuta.

Lakini giza nalo halina adabu. Humo gizani kijana akauliza: "Na yetu tutaoneshwa lini?" Nilitakiwa nieleze, nikaeleza. Ili kuwe na dokumentari ya kesi, lazima kuwe na kesi. Msumbiji ilitia saini Mkataba wa Roma, ule ulioiunda mahakama ya The Hague, Desemba 2000, lakini haikuwahi kuuridhia. Kwa hiyo The Hague haina mkono wa kufika hapa, isipokuwa serikali ikubali au Baraza la Usalama liamue. Tanzania iliridhia mwaka 2002. Maana yake Mtanzania aliyevuka Ruvuma kuja kuchinja anaweza kuitwa The Hague, na mwenyeji wa kijiji cha pili aliyechinja naye bega kwa bega hawezi. Hili nalipenda sana kitaaluma. Nililisema mara mbili. Hakuna aliyesema "hm".

Nikawakumbusha kwamba kesi ilikuwepo: Pemba, hii yetu ya Msumbiji, Oktoba 2018, washtakiwa 189 kwa pamoja, mwaka mmoja baada ya shambulio la kwanza la mashababi huko Mocímboa, tarehe 5 Oktoba 2017. Wako waliofungwa, na wengi wakaachiwa. Hakuna aliyeirekodi ikawa mfululizo wa vipindi vitano. Kijana akauliza, je, waliofikishwa Pemba walikuwa wa upande mmoja au wa pande zote? Swali la kichochezi, lakini mimi nimesoma. Nikamwambia Amnesty International ilitoa ripoti mwanzoni mwa Machi 2021 ikituhumu pande tatu kwa jinai za kivita: mashababi, vikosi vya serikali, na kampuni ya kijeshi ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group. Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Machi, mji huu huu wa Palma ukavamiwa, na ripoti ikawa imezeeka kabla wengi wenu hamjaisikia. Kijana akasema pande ni tatu, na Pemba ulikwenda mmoja. Hesabu yake ni sahihi. Nimempa alama sita kati ya kumi, nne nimekata kwa sauti aliyotumia.

Kwa hiyo kuanzia leo kanuni za banda ni hizi. Ni marufuku kumtambua mtu yeyote kwenye skrini, awe Ivan, awe Ongwen, awe jirani. Kulia kunaruhusiwa kuanzia kipindi cha nne, kwa zamu. Mtoto wa mtu akitajwa kwa jina, mtafsiri atakohoa. Na swali la "yetu lini" nimeliondoa kwenye silabasi kwa sababu halina rejea. Atakayeliuliza atalipa faini ya meticais ishirini. Mama wa Mocímboa nimemsamehe, yeye aliuliza habari ya viti.

Mwenye swali lingine anyooshe mkono. Si wote kwa pamoja! Shehe, na wewe? Sawa, swali ni hilo hilo? Basi meticais ishirini kila mmoja, na tuanze na hawa waliokaa ukutani.