Kupalilia Kongwe ni Kuipanda

Mtu anayepanda viazi vitamu husubiri mvua ilainishe udongo, huchukua marando, huyakata vipande vyenye vifundo vichache, huvifukia tutani, kisha hurudi nyumbani na moyo mweupe. Mtu huyohuyo akiamua kuiangamiza kongwe husubiri mvua ilainishe udongo, huikatakata kwa jembe, huvichanganya vipande na udongo, kisha hurudi nyumbani na moyo mweupe vilevile. Kwa kazi ya kwanza atavuna viazi. Kwa ya pili atavuna kongwe, tena nyingi kuliko aliyoikuta, na atamlaumu jirani, mbegu ya dukani, na pengine mkono wa mtu. Mimi nasema asimlaumu yeyote. Katika mashamba yetu mengi kongwe haikuvamia. Imepandwa, na waliopanda walilipwa kwa kazi hiyo.

Kwanza tumtambue mshitakiwa, maana sura yake inadanganya. Ni mmea teke utambaao, wenye majani mapana yenye mishipa iliyokwenda sambamba, na pale ala ya jani inapokumbatia shina, kuna vinywele vyekundu vya kahawia. Wakikuyu huiita mukengeria. Vitabu vya sayansi huiita Commelina benghalensis. Ua lake la bluu hufunguka asubuhi na kufika mchana limeshanywea, kama mtumishi aliyesaini daftari la mahudhurio akatoweka. Lina petali mbili kubwa na ya tatu ndogo, iliyopauka, ambayo usipoangalia vizuri hutaiona. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden wa karne ya 18, aliupa ukoo huu jina la akina Commelijn wa Uholanzi, na akaeleza sababu bila haya: Commelijn wawili waling'ara katika elimu ya mimea, na wa tatu alifariki kabla hajafanya lolote la kutajwa. Huenda ndiyo kejeli pekee duniani inayochanua kila asubuhi.

Sasa ushahidi. Shina la kongwe likigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi kwenye vifundo, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea kamili. Kwa hiyo jembe linapoangukia shina moja na kuligawa mara tano, hesabu ya shambani imepanda, haikushuka. Shina limejaa maji, halikubali kufa upesi. Ling'olewe, litupwe juu ya tuta, likipata mawingu na manyunyu litakaa siku kadhaa likijiuguza mpaka lipate pa kushika. Na hayo ni ya juu tu. Chini ya ardhi mmea huu una mashina meupe yenye maua yasiyofunguka kamwe. Hayahitaji nyuki wala upepo. Hujichavusha yenyewe gizani na kuzaa mbegu hukohuko. Tunda la juu kwa kawaida huwa na mbegu tano, moja kubwa na nne ndogo. La chini huwa na tatu, moja kubwa na mbili ndogo. Kubwa huwa na haraka ya kuota, ndogo hulala zikingoja wakati wake. Mkulima anayefurahia shamba lililong'aa baada ya palizi amesimama juu ya kitalu.

Kibarua naye hulipwa kwa ngwe. Anayelipwa kwa ngwe hana muda wa kuokota vipande. Hukata, hugeuza udongo, husogea. Mwenye shamba hupita jioni, huona weusi mtupu wa udongo, hutoa hela na sifa juu. Baada ya wiki chache humwita tena. Sisemi kibarua anafanya makusudi, ila sijawahi kusikia vibarua wakiandamana kuipinga kongwe. Wapo pia wenye shamba wanaojiona wajanja, ambao huizoa yote na kuitupa mpakani. Mpaka una unyevu, una kivuli, na hakuna anayeupalilia. Msimu ujao kongwe imeshika pande zote mbili, na kesi imefika kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Najua nitaambiwa kwamba jua huimaliza. Kweli, kongwe iliyong'olewa ikaanikwa kwenye jua kali hufa. Lakini mahindi hupaliliwa wakati wa mvua, na jua kali la kiangazi haliji kwa mwaliko. Wengine watanielekeza duka la pembejeo. Hao wawaulize wakulima wa pamba wa jimbo la Georgia, Marekani. Walipoanza kupanda pamba iliyobuniwa kustahimili dawa ya glifosati, walipulizia shamba zima, magugu mengi yakateketea, na kongwe, ambayo dawa hiyo haiiwezi vizuri, ikajikuta haina mshindani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa miongoni mwa magugu yaliyowasumbua kuliko yote. Wao walikuwa na trekta na wataalamu. Sisi tuna bomba la mgongoni linalovuja.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wanaosema tuiache: inafunika udongo usichukuliwe na maji, sungura na ng'ombe wanaipenda, na kuna watu wanaoipika mboga. Yote ni kweli. Ila huhifadhi pia minyoo fundo ya mizizi, na anayetaka kupanda nyanya mahali ilipotamalaki ajue anawakaribisha wageni kwenye nyumba yenye kunguni. Kwa sungura sina ubishi. Katika wote wanaoajiriwa kuiondoa kongwe, ni yeye peke yake ambaye akimaliza kazi hakuna kipande kinachobaki cha kuota.

Basi, mwenye shamba, iwahi kabla haijachanua. Ing'oe kwa mkono au kwa jembe uma, nzima, pamoja na yale mashina meupe ya chini, uitie kwenye kiroba. Wapelekee sungura, au ianike juu ya mwamba au bati mpaka ikatike kama kuni. Mlipe kibarua kwa kiroba kilichojaa, usimlipe kwa ngwe. Na kama leo mawingu yametanda na jembe la kawaida ndilo ulilonalo, lala. Shamba litakuwa na kongwe chache zaidi.