Kiua Kichwani

Inari, Ufini, 29 Julai

Mama yangu, mimi mzima, ila kichwa kina habari zake.

Mliponiaga hapo Shumba wote mlinihusia baridi. Shangazi akanifunga masweta matatu. Baridi yenyewe bado sijaiona. Nimefika Juni, nikakuta jua halitui: huku kaskazini ya Lapland linaanza mchezo huo mwishoni mwa Mei, na mpaka katikati ya Julai ipite ndipo linakumbuka kuzama. Saa sita za usiku lilikuwa pale juu ya misonobari, kama mgeni aliyekwisha kula na haagi. Kwetu mbu ana adabu, husubiri magharibi. Wa hapa hajui magharibi ni nini, basi anauma moja kwa moja.

Kazi ni kuchuma matunda ya mwituni. Msitu ni wa mtu, lakini sheria inakuruhusu uingie uchume bila hodi. Ningefanya hivyo kwenye mikarafuu ya watu huko Wete, mngeniletea chakula kituoni. Sasa hivi tuna tunda la manjano waliitalo hilla. Linaota kinamasini, tunda moja tu kwa kikonyo kimoja, na kila moja uliinamie. Karafuu unavuta tawi, unapata kichala. Huku kujaza pishi ni rakaa mia. Na kinamasini ndiko mbu walikozaliwa, kwa hiyo mvamizi ni miye.

Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa, nikavaa ile kofia ya kiua uliyonishonea. Mama, ulijisifu kwa vile vitundu, na kweli kazi ni safi. Mbu nao waliipenda. Kila kitundu kilipata mtu wake. Nilipoivua jioni (naita jioni kwa mazoea) kiua chote kilikuwa kichwani mwangu, ua kwa ua, kimevimba.

Dukani kuna kofia zenye wavu wa kufunika uso. Nilipowaona watu wamezivaa nilidhani wanakwenda kurina asali. Bei sikutajii, utaniambia nirudi nyumbani.

Nikarudi kwenye gunia. Chini kabisa, chini ya masweta, nikaikuta kofia yako ya ukili ya kwendea mwani, pana kama ungo. Sijui uliitia kwa kukusudia au ilijiingiza. Nikachukua chandarua, nikakata, nikakishona kuzunguka ukingo. Na upana ndio siri yenyewe: wavu ukigusa pua, mbu anauma juu kwa juu kama vile haupo. Ukingo mpana unaushika mbali na uso, mbu anabaki nje akikusomea khutba.

Lakini chandarua ni cheupe. Jua la hapa halikai utosini kama la Shumba, linakuja ubavuni, na saa za usiku linapita chini ya ukingo wowote ule. Likigonga wavu mweupe, unang'aa wote, huoni tunda wala shimo. Niliingia kinamasini mpaka kiunoni. Kumbe ndiyo maana wavu wa dukani ni mweusi. Nikaupaka masizi ya sufuria. Nikaona vizuri sana, mpaka nilipokwenda kuswali na kuona masizi yamehamia kwenye kanzu. Hatimaye nilinunua rangi, na ukingo wa mbele nikaukunja chini ukinge lile jua la pembeni.

Chai ndiyo bado sijaizoea. Mara mbili nimeinywa kupitia wavu.

Mbu akishindwa, anamwachia zamu usubi. Huyu haumi juu ya nguo, anatembea. Anatafuta mlango kwenye kola, kwenye mkono wa shati, nyuma ya sikio. Sasa wavu naushusha mpaka kifuani na kuufunga shingoni kwa kikoi. Kuna kidudu kingine, kidogo kuliko huyo, ambacho matundu ya chandarua kwake ni lango la msikiti. Dhidi ya hicho nimebaki na dua na moshi.

Mzee mwenyeji wangu amekuwa akinicheka tangu Juni. Yeye huingia msituni kichwa wazi, anasema mbu wanamjua. Juzi alikuja akaigeuza geuza ile kofia, akavuta ukili kuona kama utafumuka, akauliza aliyeisuka anaishi wapi. Nikamwonesha kwenye ramani; Pemba ilimchukua muda kuiona.

Basi ndani ya bahasha mna uzi wenye mafundo mawili. La kwanza ni kichwa changu, la pili ni chake, usishangae, ndivyo kilivyo. Ukingo uwe shubiri nzima, mbele usiukaze sana ili ukunjike. Miyaa usiitie rangi. Mbu huandama vitu vyeusi. Na mwambie shangazi masweta yananifaa sana, nimeyafanya mto.

Mwanao