Sifuri Iliyotangulia Pesa Zangu

Jana mzee nisiyemjua alinitia mkononi noti ya franka 500, akanipigapiga begani: “Pole, mwanangu. Mungu ataleta.” Tulikuwa kwenye foleni katika duka la mabati mjini Butembo. Mabati yangu yalikuwa yamekwisha hesabiwa na kupakiwa, nami nikafungua ukurasa wa akaunti yangu ili nilipe. Jina langu likatokea kwanza, kwa herufi nene. Chini yake: Salio, dola 0. Mama mwenye duka akaitazama simu, akanitazama mimi, akawaagiza vijana wayashushe mabati. Foleni ikanyamaza kama msibani. Dada mmoja akaniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua.

Ukurasa wa namna hii hauji mzima. Kwanza hufika kiunzi: jina, rangi, vichwa. Kisha programu ndogo iliyo ndani ya kivinjari hutuma maombi mengine kimyakimya, moja la salio, moja la historia ya malipo, moja la matangazo. Kila jibu likifika hukaa mahali pake bila kungoja wenzake. Ufundi huu naupenda kwa dhati. Microsoft iliutia ndani ya Internet Explorer 5 mwaka 1999, Gmail ikauonyesha ulimwengu mwaka 2004, na mwaka 2005 Jesse James Garrett akauita Ajax. Zamani, kubofya kitu kidogo kuliufuta ukurasa wote, ukakodolea macho skrini nyeupe mpaka kila kitu kirudi. Siku hizi kipande kizito hakikizuii chepesi. Swali ni nini kikae penye pengo. Fundi mwenye adabu huweka mstari wa kijivu, au neno “inapakia”. Wa kwangu aliweka sifuri.

Tangazo la mikopo lilifika kabla ya salio.

Si hapo tu: huko Beni, tangazo lililochelewa lilisukuma kitufe cha “Ghairi” hadi chini ya kidole changu. Matokeo ya mtihani ya mpwa wangu yalionyesha “hakuna” mpaka dada yangu alipokwisha kulia.

Hapa kicheko kinaniisha. Kurasa hizi hujaribiwa penye mtandao wa kasi, ambako sifuri hiyo hutoweka kabla hujapepesa jicho. Kwetu hukaa. Mtandao ukikatika katikati, hubaki palepale, na hakuna anayesema kwamba ombi limeshindwa. Megabaiti tunanunua kwa pesa zetu, hata zile zinazolileta tangazo.

Mafundi, salio likiwa halijafika, andikeni kwamba halijafika.