Gundi ya Uji na Ndala ya Mgeni

Zawadi ya kutengeneza nyumbani ni kitu kinachoundwa na mtoto kwa vifaa visivyonunuliwa, kwa muda usiojulikana, kwa ajili ya mtu ambaye hana budi kukipokea. Hutofautiana na zawadi ya dukani kwa mambo mawili. Kwanza, haina risiti, kwa hiyo hairudishwi. Pili, huacha alama nyumba nzima, kuanzia sakafu ya jikoni hadi nywele za mtengenezaji. Kazi zenyewe ni nyepesi, na mtoto wa miaka sita huziweza karibu zote. Ajali huanza pale mtu mzima anapoombwa asaidie kidogo, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayejua kidogo ni kiasi gani.

Ili maelezo yaeleweke, itachukuliwa nyumba moja ya mfano mjini Tanga. Ina baba, mama, shangazi, watoto watatu, na kuku ambao idadi yao hutegemea nani anahesabu. Kifungua mimba ana miaka tisa na ndiye mhandisi. Wa kati ana sita na ndiye fundi. Kitinda mimba ana mitatu na kazi yake ni kuonja. Bibi yao anakaa mtaa wa pili, na karibu kila kinachotengenezwa humfikia yeye.

Malighafi

Malighafi bora ni zile ambazo nyumba imekwisha kuzitupa: maboksi, makopo, magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, vipande vya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Tatizo ni kwamba mtoto na mzazi hawalielewi neno "kutupa" kwa namna moja. Kwa mzazi, kitu kimetupwa kikiwa jalalani. Kwa mtoto, kitu kimetupwa ikiwa hakuna aliyekigusa tangu asubuhi. Hivyo ndivyo boksi la viatu lililotunza vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima lilivyogeuka nyumba ya mwanasesere wa gunzi. Vyeti havikupotea. Vilikutwa ndani ya nyumba hiyo, vimetandikwa kama zulia.

Ghala jingine ni ufagio wa chelewa. Kijiti cha chelewa ni chepesi, hupindika bila kuvunjika upesi, na hufaa kwa kishada, kwa mkono wa mwanasesere na kwa mlingoti wa jahazi la kifuu. Kuchomoa vijiti viwili hakuonekani. Kuchomoa viwili kila siku kwa mwezi mzima huugeuza ufagio kuwa mswaki, na siku hiyo mama huuliza swali ambalo nyumba nzima husikia na hakuna anayejibu.

Gundi

Gundi ya nyumbani ni uji. Vijiko vinne vya unga wa ngano hukorogwa katika robo kikombe ya maji baridi hadi madonge yaishe, kisha humiminwa kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka na kukorogwa kwa moto mdogo hadi uji uwe mzito na wenye kung'aa. Kinachofanya kazi ni wanga. Ukipata maji ya moto hufura na kunata, na maji yakikauka wanga hubaki umeshikilia karatasi mbili pamoja. Unga wa muhogo nao hufaa.

Kasoro ya gundi hii ni kwamba ni chakula. Shangazi alirudi kutoka sokoni mchana wa jua kali, akakuta sufuria imefunikwa vizuri, akatia sukari na ndimu, akanywa kikombe kizima. Alisema upishi si mbaya ila uji umekuwa mzito. Kazi za siku hiyo ziliahirishwa kwa kukosa gundi. Gundi iliyobaki huchacha upesi kwa joto la pwani. Chumvi na siki kidogo huchelewesha kuchacha kwake, na humzuia shangazi pia.

Mende nao wana maoni yao. Bibi aliwahi kupewa kadi yenye herufi kubwa zilizokatwa kwenye gazeti na kubandikwa kwa uji: BIBI NAKUPENDA. Aliitundika ukutani juu ya kitanda. Usiku wa tatu mende walikula K, U na P. Bibi alipoamka na kusoma BIBI NAENDA, alijitanda kanga na kuvuka mtaa kabla ya chai, akitaka kujua mtoto anaenda wapi na nani kamruhusu.

Udongo wa unga na chumvi

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji yanayokaribia kikombe kimoja, yakitiwa kidogo kidogo, hutoa donge linalofinyangika kama udongo wa mfinyanzi. Hukandwa hadi liache kunata mikononi, kisha hufinyangwa wanyama, nyota na vidani. Tundu la kupitishia uzi hutobolewa kabla ya kukausha. Likitobolewa baada ya hapo, kitu hupasuka. Unene usizidi nusu sentimita, na kazi huanikwa juani siku kadhaa, ikigeuzwa geuzwa. Anayetaka kuipaka rangi siku hiyohiyo hukumbushwa kwamba haraka haraka haina baraka, naye huipaka hivyohivyo.

Chumvi huzuia udongo huu usioze, lakini pia huvuta unyevu kutoka hewani. Tembo aliyekauka vizuri Januari huanza kutoka jasho masika yanapoingia, na ifikapo Mei amelala chini, mkonga ukiwa umetangulia. Kumpaka vanishi pande zote humpa uhai zaidi. Wakati wa kuanika, ungo ufunikwe kwa chandarua kikuukuu, kwa sababu kuku huona unga tu, hawaoni chumvi, na chumvi nyingi kiasi hicho huwadhuru. Kitinda mimba hahitaji chandarua. Alionja simba mmoja, akamrudisha alipomtoa, na tangu hapo hajaonja mnyama mwingine.

Katika kazi hii ndipo msaada wa kidogo ulipoonekana waziwazi. Mama aliombwa atengeneze masikio ya tembo, basi. Baada ya nusu saa alikuwa na tembo kamili, mwenye kucha, mikunjo ya goti na mtoto wake pembeni. Fundi mwenyewe alikuwa nje anacheza gololi. Alipoitwa aje kuona, alimtazama yule tembo kwa heshima kama mgeni wa watu wazima, akauliza kama unga umebaki.

Kishada

Kishada, au tiara kama wengi wa pwani wanavyokiita, ni chelewa zilizofungwa msalaba, karatasi nyepesi iliyobandikwa juu yake, uzi, na mkia wa matambara. Mkia si pambo. Huvuta upande wa chini wa kishada ili kikae wima mbele ya upepo. Mkia mfupi mno hukifanya kizunguke kama pia na kujitupa chini; mzito mno hukizuia kupaa. Upepo wenyewe haukosekani Tanga: kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi hivi, kisha huja kusi. Kinachokosekana ni uzi, ambao hutoka kwenye cherehani ya mama, na hujulikana umetoka siku sare ya shule inapochanika.

Kishada hurushwa uwanja wazi, mbali na nyaya za umeme, na kikinasa kwenye waya huachwa hapohapo. Sharti la pili halimo katika maelezo mengi: mtu mzima asipewe uzi. Baba alipewa aushike wakati mhandisi anakwenda kunywa maji. Mhandisi alirudi, akasimama, akakaa, akajilaza. Adhana ya magharibi ilimkuta baba bado anavuta na kulegeza, akiwaeleza watoto wa jirani jinsi alivyokuwa akirusha zamani, nao wakisubiri zamu ambayo haikufika. Kishada kiliishia kwenye mwembe wa jirani. Aliyelia hakuwa mtoto, ingawa baba alisema ni vumbi.

Mpira

Mpira wa chandimu hutengenezwa kwa matambara yaliyoviringishwa na kufungwa kamba kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka. Zamani tabaka hizo zilikuwa mifuko ya plastiki, ambayo ilijaa kila mahali. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na mafundi wa mpira wakalazimika kugeukia soksi. Tangu hapo soksi za nyumba ya mfano hazina wenza. Baba huenda kazini mguu mmoja mweusi na mwingine wa kahawia, na akiona mpira unapita uani humtambua mwenza aliyepotea kwa mistari yake.

Gari la waya

Gari la waya ndilo kilele cha ufundi huu. Waya hunyooshwa, kisha hukunjwa kwa koleo kufuata umbo la lori au basi; ncha zote hupindwa kwa ndani ili zisichome. Usukani ni waya mrefu wenye duara juu, unaofika usawa wa kiuno, ili dereva atembee wima. Magurudumu hukatwa kwenye soli za ndala, kwa kuwa soli hukatika kwa wembe, ni nyepesi, na haitelezi sakafuni. Wembe hushikwa na mtu mzima. Hapa msaada wa kidogo unaruhusiwa, na hapa ndipo kwa bahati mbaya hakuna anayejitolea. Ndala moja ya mtu mzima hutoa magurudumu manne bila tabu.

Ndala inayofaa ni iliyokatika kamba na kukata tamaa. Siku gari la bibi lilipokuwa tayari isipokuwa magurudumu, ndala ya namna hiyo haikupatikana. Sebuleni alikuwapo mgeni, rafiki wa baba, na mlangoni zilikuwapo ndala zake za buluu. Fundi alimpelekea shangazi moja ili amkatie. Shangazi alikuwa anachagua mchele, akakata bila kuinua macho. Ndala ya pili fundi hakuigusa, kwa kuwa hakutaka uharibifu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli gari lilipona. Mgeni aliondoka na ndala moja mguuni na viatu vya baba mkononi, kwa sababu havikumwenea.

Kadi na siri

Kadi ni karatasi iliyokunjwa mara mbili, yenye picha nje na maneno ndani. Ya Krismasi haina matatizo ya kalenda. Ya Idi inayo, kwa sababu sikukuu husubiri mwezi uandame, na mtoto hasubiri. Mhandisi aliandika "Idi njema, leo ni Idi" na kuipeleka kwa bibi jioni ile ile. Mwezi haukuonekana. Asubuhi bibi, akiwa amefunga, alipokea karatasi ya nyongeza: "Samahani, leo si Idi, kadi irudishe, nitaileta kesho."

Siri ni sehemu ya zawadi inayoharibika mapema kuliko zote. Mtoto wa miaka mitatu huweza kuitunza siri kwa muda wa kutoka chumbani hadi jikoni, mradi asikutane na mwenye zawadi njiani. Akikutana naye husema: "Mama, usiangalie chini ya kitanda, hakuna kitu chako." Mama katika hali hiyo hana haja ya kuangalia. Anachopaswa kufanya ni kusahau hadi siku yenyewe, kisha kushtuka. Mshtuko ufanyiwe mazoezi. Ukiwa mkubwa mno mtoto hutambua, na hufungua mashtaka dhidi ya kitinda mimba.

Kupokea na kuhifadhi

Mpokeaji hujiepusha na swali moja: "Hiki ni nini?" Kukisia nako ni hatari, kwani simba aliyeitwa kiazi hasahau, wala aliyemfinyanga hasahau. Njia salama ni ya bibi. Yeye hushika kitu kwa mikono miwili, hukisogeza penye mwanga, husema "Kumbe!", kisha huomba aelezwe kilivyotengenezwa. Ndani ya dakika moja mtoto mwenyewe hutaja jina la mnyama, na bibi huendelea kana kwamba alijua.

Baada ya kupokewa, zawadi huwekwa kwenye kabati la vyombo, pamoja na vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Kabati liwe mbali na unyevu, na kadi za gundi ya uji zikae kwenye kopo lenye mfuniko. Kabati la bibi lina mpangilio wake. Tembo wa mama yuko rafu ya nyuma, karibu na birika. Rafu ya mbele ni ya simba anayefanana na kiazi, mwanasesere wa gunzi asiye na mkono mmoja, na gari la waya lenye magurudumu manne ya buluu.

Mgeni wa ndala alipokwenda kumjulia hali bibi, alioneshwa gari hilo. Alilitazama kwa muda. Fundi alikuwapo, akisubiri kusikia. Mgeni alisema ni gari zuri, tena magurudumu yake ni imara, yeye mwenyewe ameyajaribu. Siku hizi akienda nyumba ya mfano huvua ndala mlangoni kama kawaida, kisha huingia nazo na kuzikalia.