Sifa za Waya Unaoning'inia

Paneli ya sola husifiwa kwa wati zake, betri kwa uzito wake. Waya unaoziunganisha hausifiwi na mtu. Leo ni zamu yake, hasa yule wa machimboni Rwamgasa anayeteremka kutoka kwenye bati hadi dirishani bila kushikwa na chochote. Kwa heshima tumwite Bwana Waya.

Kwanza, ni mkarimu. Wenzake waliobanwa ukutani hawana faida kwa jirani; yeye huanikiwa kanga na soksi.

Pili, ni mvumilivu. Upepo wa kiangazi humsugua kwenye ncha ya bati, naye hutoa ganda lake kidogo kidogo, mpaka shaba ichungulie nje.

Tatu, huwapa watu riziki. Uzito wake wote hukivuta kidhibiti chaji. Skrubu hulegea, kiungo hupata moto, chaji haifiki. Mwenye paneli hulaumu betri, na muuza betri hambishii.

Nne, cheche zake ni za kudumu. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa sola hauna mapumziko: cheche ikiwaka kwenye kiungo kilicholegea, huweza kuendelea mpaka ipate cha kuunguza.

Ajabu ni kwamba anaishi kwa wajuzi wa kushikiza vitu. Mchimbaji wa hapa hashuki duarani kabla ya kukagua matimba yanayozishikilia kuta za shimo. Akitoka, hulala chini ya waya usio na hata kibano kimoja. Na akikumbuka kununua, huchukua vile vyeupe vya plastiki, ambavyo jua huvikausha hadi vikatike. Vyeusi vya kustahimili jua huachwa dukani.

Wapinzani watasema hata mafundi stadi huulegeza waya. Kweli, lakini mahali pamoja tu: kabla ya kuingia ukutani huuacha ushuke chini kidogo ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee nje. Bwana Waya hana ubaguzi huo. Hulegea kwingine kote, kisha tunduni huingia akiteremka moja kwa moja, na mvua akaileta ndani hadi kwenye kidhibiti.

Basi msimbane. Mkimbana, betri itaonekana nzima, muuzaji atakosa mteja, na mtalazimika kununua kamba ya kuanikia nguo.