Mganga Kasema Siku Kumi

Msyuuu! Watu wazima na ndevu zao, saa mbili asubuhi, hela ya unga hawajaipata, wanagombana kuhusu mwanamke ambaye hata kuzaliwa hakuzaliwa. Mimi nilipita pale kijiweni kunywa kikombe kimoja cha kahawa niwahi daladala. Nimeondoka saa nne na kashata mkononi sijaimaliza.

Aliyeanzisha ni kijana wa bodaboda. Juzi kawekewa sizoni zote nane za Game of Thrones kwenye flashi. Tamthilia yenyewe imeisha Mei 2019, wenzake waliishaililia, wakaitukana kwa namna ilivyoishia, wakaisahau. Yeye ndiyo kwanza kamaliza sizoni ya kwanza, na anaisimulia kama jambo lililotokea jana usiku Mwananyamala. Isitoshe, ana muda. Wiki iliyopita pikipiki ilimlalia, eksozi ikamchoma kwenye kigimbi, kwa hiyo anakaa benchi mguu kaunyoosha, kidonda kimezungushiwa kipande cha kanga, na kazi yake imekuwa kutangaza.

"Yule mganga ni mchawi tu," akatangaza. "Kamuua Drogo makusudi. Alikuja na mpango wake toka mwanzo."

Kwa wale mliokuwa mnaangalia mpira: Khal Drogo ni jemadari wa Wadothraki, watu wa farasi, nywele hazijawahi kuona mkasi kwa sababu hajawahi kushindwa vita. Kapata jeraha kifuani. Kwenye tamthilia jeraha lenyewe ni la ujeuri: kijana wake mmoja kamtolea upanga, naye badala ya kuukwepa akajisukumia kifua kwenye makali, kuonyesha kwamba yeye ni nani. Haya. Mkewe, Daenerys, ambaye huku uswahilini sote tunamwita Khaleesi kana kwamba ndilo jina alilopewa na bibi yake, akamkubali mama mmoja aitwaye Mirri Maz Duur amtibu. Mama huyo ni wa kijiji kilekile ambacho watu wa Drogo walikuwa wametoka kukichoma. Jeraha likaoza, jemadari akaanguka kutoka kwenye farasi, na kwa Wadothraki ukishaanguka kwenye farasi wewe si jemadari tena.

Sasa mimi kitabu nimekisoma. Nilikinunua Posta, vile vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini, jalada limechanika na jina la msomaji wa kwanza limekatwa kwa kalamu. George R. R. Martin alikitoa mwaka 1996, miaka kumi na tano kabla ya tamthilia kuanza, na ndani yake kuna jambo ambalo kwenye flashi ya huyu kijana halimo. Nikaona niwape.

Yule mama alilisafisha jeraha, akaliwekea dawa yake, akalifunika kwa ngozi ya kondoo. Akasema ikae siku kumi, mchana na usiku. Akasema kabisa kwamba patakuwa na homa na patawasha. Akakataza mvinyo, akakataza afyuni. Jemadari kafanya nini? Dawa ilipoanza kuwasha na kuunguza, akaing'oa huku akimtukana mama wa watu kwamba ni mchawi. Akatafuta wanawake wa kwao wa mitishamba wakampaka tope, kwa sababu tope linapoza. Juu ya tope akashushia mvinyo wa afyuni, na maziwa ya farasi yaliyochacha, siku tatu mfululizo.

Mzee anayecheza drafti, ambaye nilidhani hasikilizi, akaacha kete hewani. "Mganga kasema siku kumi?"

"Siku kumi, mzee."

"Basi mganga hana kesi."

Kijiwe kizima kikanyamaza, maana hiyo sheria hapa hakuna asiyeijua. Dawa ni masharti. Ukiambiwa usigeuke nyuma, hugeuki hata uitwe kwa jina la baba yako. Ukiambiwa uoge njia panda kabla ya adhana ya alfajiri, huogi bafuni saa tatu ukidai maji ni yaleyale. Wazungu wamejadiliana miaka na miaka kama dawa ya Mirri ilikuwa sumu. Mzee wa drafti kamaliza kwa sentensi moja.

Ila muuza maji, ambaye ana ugomvi wa siku nyingi na waganga, akasonya. "Nyie ndio mnaoliwa. Masharti ndiyo kichaka chao hao. Mgonjwa akipona, dawa ya mganga. Akifa, amevunja sharti. Uliona wapi mganga akasema, jamani, hii nimekosea mimi?"

Naye ana lake, siwezi kumkatalia. Na ukirudi kwenye kisa utaona sharti la pili likivunjwa vilevile. Drogo yuko mahututi, Khaleesi anambembeleza Mirri amrudishe kwa uganga wowote ule. Mama anamwambia hilo lina bei, na bei ni kifo. Anaingizwa hemani farasi wa Drogo mwenyewe, anachinjwa, damu inamwagika juu ya mgonjwa. Mirri anasema akishaanza kuimba, mtu asiingie. Nje panazuka ugomvi, Khaleesi anashikwa na uchungu, wakunga wanamkimbia, na askari wake Jorah Mormont, anayempenda kimyakimya, anambeba na kumwingiza mlemle hemani. Mtoto anazaliwa mfu. Drogo anabaki anapumua, macho yamefunguka, mtu hayumo.

Khaleesi alidhani bei ni farasi.

"Mtu anabeba mzigo hajauliza bei!" muuza maji akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo mama wa vitumbua, ambaye muda wote alikuwa anageuza vitumbua vyake na mgongo katupa kwetu, alipotia mdomo. "Nyie wanaume. Mwenzenu keshashikwa na uchungu, wakunga wamekimbia, mlitaka azalie wapi, kwenye mapaja ya farasi? Halafu huyo mganga mnayemsema, kabla hajaanza kutibu, walimfanya nini?"

Pakawa kimya. Kijana wa bodaboda akajikuna juu ya kile kipande cha kanga.

Walimbaka. Wanaume watatu, kabla Khaleesi hajafika na kusema basi. Hekalu alilolitumikia likachomwa, watu aliowauguza vichwa vyao vikarundikwa. Na hayo simwekei maneno mdomoni. Anayasema mwenyewe, kitabuni na kwenye tamthilia, Khaleesi anapomlaumu kwamba nilikuokoa nawe ukanilipa hivi. Mama anamuuliza, kwa maana tu, ulichookoa ni nini hasa? Na kuhusu mtoto anasema wazi: aliyetabiriwa kuitiisha dunia sasa hatachoma mji wowote.

Sasa niambieni, hiyo nia iliyofichika imefichika wapi? Ndiyo maana nasonya. Watu wana akili za kuchambua kila punje ya hiki kisa, lakini sababu iliyotandikwa mkekani wanairuka wanakwenda kuitafuta darini. Kuna wanaoamini Mirri alitumwa. Ushahidi wao ni kwamba kitabuni anataja msomi mmoja wa mbali, Marwyn, aliyemfundisha siri za mwili wa binadamu. Marwyn huyo anajitokeza kwenye kitabu cha nne, cha mwaka 2005, akidokeza kwamba wasomi wenzake walikuwa na mkono katika kuisha kwa majoka. Wakaunganisha uzi: wasomi hawataki majoka, Marwyn msomi, Mirri mwanafunzi wake, basi mtoto wa Khaleesi, wa ukoo wa majoka, kauawa kwa agizo. Aka! Wakala gani huyo anakaa kijijini anasubiri kivamiwe ili apate nafasi ya kutibu?

Ile nadharia ya jua lakini, kusema kweli, naipenda. Khaleesi alipouliza mumewe atarudi lini kuwa kama zamani, Mirri akamtajia mambo yasiyowezekana, la kwanza jua kuchomoza magharibi na kuzama mashariki. Sote tulielewa ni kumwambia kamwe. Mwaka 2011 kikaja kitabu cha tano, na ndani yake mwana wa mtawala wa Dorne, Quentyn Martell, ambaye nembo ya ukoo wake ni jua, akasafiri kutoka magharibi mpaka Meereen, mashariki, kutaka kumuoa Khaleesi. Akajaribu kufuga joka, likamchoma, akafa baada ya siku kadhaa. Jua limechomoza magharibi, limezama mashariki. Mirri mwaya! Na bahari kukauka? Mbuga ya Wadothraki inaitwa bahari, na kwenye kitabu hichohicho nyasi zinakauka. Tangu hapo kitabu cha sita hakijaja, watu wanatafuna mfupa uleule, na mfupa usipokuwa na nyama meno huanza kuota nyama.

Niliwaeleza hayo kwa kirefu, najua nilizidisha, maana nilipoinua kichwa mzee wa drafti alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anautazama mguu wa kijana.

"Mwanangu, hapo hospitali walikwambiaje?"

"Niende kusafisha kila siku, mzee. Na vidonge vya siku saba."

"Umefikisha ngapi?"

"Tatu. Ile bandeji ilikuwa inawasha mzee, nikaitoa. Jirani kanipa dawa fulani ya kupaka, nyeusinyeusi. Hii inapoza."

Mama wa vitumbua alisonya msonyo mrefu ambao sijawahi kuusikia tangu nimjue.

"Haya," muuza maji akasimama, akapangusa suruali. "Kesho huyu anaanguka. Mganga tutampata. Farasi je?"

"Si yule pale," mzee akaonyesha kwa kidevu. Pikipiki nyekundu, imelazwa kwenye stendi yake chini ya mwembe.

Kijana alisahau kidonda, akaruka na mguu mmoja kwenda kuikumbatia. "Ya tajiri hiyo! Hesabu ya wiki yenyewe sijapeleka!"